Kuchezesha mkia wa gari kwenye tope: mwongozo kwa dereva wa Mtwara na Lindi

Mjomba wangu aliendesha gari la mradi wa maji wa Wafini, watu wa Finland, ule ulioingia Mtwara na Lindi miaka ya 1970 ukaacha visima na mabomba hadi kwenye vijiji ambavyo kabla ya hapo maji yalifuatwa bondeni. Anasimulia kwamba Jumapili moja ya masika, mvua ikiwa imekatika, fundi mmoja wa Kifini alichukua Land Rover ya mradi, akaenda nayo kwenye kiwanja kitupu nyuma ya karakana, akaanza kuizungusha kama pia. Gari linakwenda ubavu, tope linaruka, mwenyewe anacheka peke yake. Walinzi wakaafikiana kwamba mzungu ameonja uraka, ile pombe ya mabibo. Alipotulia, mjomba akamfuata kumuuliza kulikoni. Akaambiwa kwao wakati wa baridi vijana wote wanafanya hivi kwenye theluji, maegesho yakiwa matupu. Mjomba akataka kujua theluji ikoje. "Kama tope lenu," yule fundi akamjibu, "ila jeupe."

Na kwa Wafini jambo hili halikuishia kwenye mchezo. Huko kwao mafunzo ya barabara yenye utelezi ni sehemu ya mafunzo ya leseni. Sisi tunajifunzia kwenye lami kavu, tunapewa leseni, halafu Januari tunakutana na udongo mwekundu wa Newala kwa mara ya kwanza tukiwa na Noah imejaa abiria.

Mimi theluji sijawahi kuikanyaga. Ya Kilimanjaro niliiona mara moja kupitia dirisha la basi. Tope ndilo ninalolijua. Mjomba alinifundisha mchezo huu, na mimi kila masika namfundisha mtu mmoja au wawili. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wao, nikiwa nimekaa pembeni ya kiwanja juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Jambo la kwanza kabla ya yote: huu ni mchezo wa polepole. Spidi 20 hadi 30 inatosha kwa kila kitu nitakachoeleza. Ukiona unahitaji 50 ndipo gari liteleze, ujue ardhi haijalowa vya kutosha. Rudi nyumbani ukasubiri mvua.

Ndoo moja ya maji

Wataalamu wa magari hupima kwa namba jinsi tairi linavyoshika ardhi. Lami kavu hufika 0.8 hivi. Theluji iliyoshindiliwa ni 0.2 hadi 0.3, na barafu tupu hushuka mpaka 0.1. Udongo wa mfinyanzi uliolowa juu unaweza kuteremka hadi kwenye namba za theluji. Ukiwa spidi 40 kwenye lami kavu ukakanyaga breki kwa nguvu, gari husimama ndani ya mita 8 hivi. Kwenye 0.2 litakwenda mita 31. Hapo nimehesabu kuanzia breki iliposhika tu, ule muda wa kushtuka sijauweka. Na spidi ikizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne.

Ila mjomba hakunifundisha kwa namba. Alinifundisha kwa ndoo, na mtu wa uwanda wa Makonde haulizi mara mbili ndoo moja ya maji maana yake nini. Upikie humo, uoge humo, na watoto wanywe humo. Mshiko wa tairi ndivyo ulivyo. Breki inachota, kona inachota, mafuta nayo yanachota. Dereva anayekata kona huku amekanyaga breki amechota mara mbili kwa mkupuo, na ndoo ikikauka gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kuserereka kwa raha ni kuikausha ndoo ya matairi ya nyuma kwa makusudi, huku ya mbele ukiyabakizia maji kidogo ya kuongozea. Mchezo wote ni huo.

Kuna mahali tope na theluji vinaachana, na yafaa ujue kabla hujaiga video za watu wa Ulaya. Theluji ikijaa kwenye meno ya tairi husaidia kidogo, kwa sababu theluji hushikana na theluji. Udongo wetu ukijaa kwenye meno, tairi linageuka mandazi: limeviringana, laini, halina pa kushikia. Tena theluji inaanguka sawasawa, lakini tope linaficha. Chini ya tope moja kuna kisiki, chini ya lingine kuna shimo la panya, na chini ya lingine hakuna kitu kabisa, unazama.

Kutafuta kiwanja

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barabarani hapana, hata usiku wa manane, hata iwe ya kijijini isiyopita mtu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina kifungu cha "nilikuwa nacheza." Uwanja wa mpira wa kijiji hapana vilevile. Ukiuchimba kwa matairi wakati wa masika, jua likiwaka zile alama zinakuwa matuta magumu kama saruji, na vijana watavunjika vifundo vya miguu mpaka Agosti. Mashamba ya chumvi ya pwani yanavutia sana kwa kuwa ni mapana na ya tambarare, lakini ni mali ya watu, kingo zake hazistahimili gari, na maji ya chumvi yataila chesi yako taratibu bila wewe kujua. Chini ya mikorosho usithubutu. Matawi yako chini, na mwenye shamba atakufuata na panga akiwa na haki kabisa.

Kinachofaa ni kiwanja kilichosafishwa na greda kwa ajili ya ghala au majengo, kikashindiliwa, halafu hela ikaisha kabla msingi haujachimbwa. Viwanja vya aina hiyo vipo vingi, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi na Nachingwea. Muombe mwenyewe, mweleze ukweli kwamba utaacha alama, umwahidi kusawazisha. Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa, maana gari likinguruma mahali pamoja nusu saa, watu watakuja kuangalia ni nani anaibiwa.

Ukubwa: hatua 80 kwa kila upande ndiyo kiwango changu cha chini. Nusu uwanja wa mpira ni padogo. Pawe tambarare. Mteremko usiouona kwa macho gari linauona.

Kisha shuka utembee. Kitembee kiwanja chote kwa miguu, mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia, ukiwa na fimbo ngumu mkononi. Choma fimbo kila baada ya hatua tano. Ikiingia urefu wa kidole ikagota, pazuri. Ikizama zaidi ya kiganja, gari likienda ubavu hapo matairi yatajichimbia ukuta wa tope, na gari lililogota ukuta kwa ubavu hupinduka hata kwa spidi ndogo. Visiki, mawe, vichuguu, mitaro ya mipaka, nguzo ya umeme, vyote viwekee alama. Nguzo ikiwa ndani ya hatua 20 kutoka unapotaka kuchezea, hama.

Tope lenyewe lipime kwa kisigino. Simama kwa mguu mmoja ugeuke. Kisigino kikizunguka kama kimekanyaga sabuni iliyoachwa kwenye maji, huku chini unasikia ugumu, wakati ndio huo. Mara nyingi ni saa moja hadi mbili baada ya mvua kukatika. Ukichelewa hadi jioni ya jua kali, udongo unakuwa gundi, tairi linashika ghafla katikati ya mserereko, na hilo ni hatari kuliko utelezi.

Watoto

Nimewapa sehemu yao kwa sababu wanazidi visiki. Ndani ya dakika tano watakuwa kumi, ndani ya kumi watakuwa thelathini. Weka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu. Huyo asikupige picha wala asikushangilie. Gari likishindwa kona hutoka kwa nje ya kona, kwa hiyo watazamaji wakae mbali upande ambao hautaelekeza pua huko hata kidogo, nyuma ya kitu kizito: mwembe, ukuta, lundo la kifusi. Mtoto mmoja akivuka alama, zima injini. Usipunguze mwendo ukaendelea. Zima.

Gari

Jua kwanza magurudumu yapi yanasukuma. IST, Passo na Corolla nyingi za siku hizi zinavutwa na matairi ya mbele. Mark II, Hilux ikiwa kwenye magurudumu mawili, na Noah za zamani husukumwa na ya nyuma. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, nayo inasukumwa na ya nyuma na vijana wanaipenda kwa kuwa ni nyepesi, lakini mimi simfundishii mtu kwenye kirikuu. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, na magoti yako ndiyo bampa. Coaster na gari lolote lenye mzigo juu halihusiki na maandishi haya.

Kagua boltijointi na tairodi, vile viungo vinavyoshika na kugeuza magurudumu ya mbele. Zikiwa zimelegea, lami inavumilia, tope la ubavu halivumilii. Tairi lisiwe limefika kwenye nyuzi. Upepo uache ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Najua kwenye mchanga wa ufukweni tunapunguza upepo, lakini hapa gari linakwenda ubavu, na tairi lenye upepo mdogo hung'oka kwenye rimu. Oili iwe kwenye alama ya juu. Toa ndani kila kisichofungwa: jeki, spana, dumu la maji, chupa za soda. Chupa ya soda ikiviringika chini ya kanyagio la breki, nitasikia habari zako kwa watu wengine.

Vuta kiti mbele kuliko ulivyozoea. Mkono wako ukiulaza juu ya usukani, kifundo cha mkono kifike bila bega kuachana na kiti. Funga mkanda. Abiria hakuna, hata mchumba. Na uliyeonja uraka au kitu kingine chochote, kaa kwenye ndoo uangalie wenzako.

Kama dashibodi ina kitufe chenye picha ya kigari na mistari ya nyoka nyuma yake, huo ndio mfumo wa kuzuia utelezi. Gari likihisi linateleza linakata nguvu lenyewe, na mchezo unaishia hapo. Ubonyeze uushikilie sekunde chache mpaka taa yake iwake. Ukimaliza, usisahau kuurudisha.

Zoezi la kwanza: kusimama

Weka madumu mawili matupu ya lita 20, yale ya njano, kama geti. Njoo kwa spidi 30 usukani ukiwa umenyooka, pua ikifika getini kanyaga breki zote. Shuka, pima kwa hatua umefika wapi. Wengi hapa hunyamaza. Walidhani wangeishia hatua tano, wamekwenda hatua ishirini.

Rudia mara nne. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia matairi yasifunge ukikanyaga breki, litakupigapiga mguu kwenye kanyagio, na kwenye changarawe au tope laini huenda likakwenda mbali zaidi kuliko lisilo nayo, kwa sababu tairi lililofunga kabisa hujikusanyia kilima mbele yake. Faida ya ABS ni kwamba usukani unabaki hai. Jaribu: katikati ya breki zungusha usukani kidogo uone pua inafuata. Kwenye gari lisilo na ABS utaona haifuati, mpaka uachie breki. Hapo ndipo maneno ya ndoo yanapoingia kichwani.

Zoezi la pili: pua inapokataa kona

Weka dumu moja katikati. Lizunguke kwa umbali wa mita 12 hivi, gia ya pili, polepole. Ongeza mafuta kidogo kidogo. Karibu na spidi 20 utasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, kama umeshika usukani wa gari lililopandishwa kwenye jeki. Pua inaanza kutanuka nje ya duara hata ukikata zaidi. Ushike wepesi huo akilini. Ni mkono unaojua kabla ya macho.

Kila mtu, kila mtu kabisa, hapo huzidi kukata usukani. Haisaidii, ndoo ya mbele imekauka. Punguza mafuta bila kuyaachia kwa pigo, rudisha usukani robo, subiri. Sekunde moja ni ndefu sana ukiwa ndani, lakini pua itashika. Fanya mpaka uchoke, kulia na kushoto. Upande mmoja siku zote utakuwa mgumu kuliko mwingine, na kwa wengi ni ule wa kukata kulia.

Zoezi la tatu: mkia

Sasa raha.

Gari la kusukumwa na nyuma: endelea na duara lile lile, gia ya kwanza au ya pili, pua ikiwa imeshika vizuri, halafu kanyaga mafuta kwa haraka, si kwa ukali. Matairi ya nyuma yatazunguka bure na mkia utatoka nje. Otomatiki iweke kwenye L au 2 ili isibadilishe gia katikati ya kazi. Mkia ukitoka, mikono yako ina kazi moja: usukani uelekee upande mkia unakoenda. Mkia umekwenda kulia, usukani kulia. Uende upesi, urudi upesi. Mguu unabaki kwenye mafuta ukiyapima. Ukizidisha, gari litageuka nyuma mbele. Ukiyaachia ghafla, mkia utashika ardhi ghafla na kukurusha upande wa pili.

Gari la kuvutwa na mbele mkia hautatoka kwa mafuta. Hapa ni handbreki ya kuvuta kwa mkono. Yenye kitufe cha umeme haifai, wala ile ya kukanyaga kwa mguu iliyo kwenye baadhi ya Noah. Njoo spidi 25, toa mguu kwenye mafuta, kata usukani, na hapo hapo vuta handbreki huku umebana kitufe chake kwa kidole gumba, usikiachie kabisa. Hesabu moja. Shusha. Mkia utakuwa umezunguka. Nyoosha usukani kule unakotaka kwenda, kanyaga mafuta, matairi ya mbele yatakuvuta. Ukisahau kubana kitufe, handbreki itajifunga juu, na utaishia kuangalia ulikotoka.

Lenye magurudumu manne ya kuwasha na kuzima, anza likiwa kwenye mawili. Ukishazoea, washa manne uonje tofauti: linakwenda ubavu gari zima kwa pamoja, tamu sana. Ila hayo manne yazime kabla hujarudi kwenye lami, maana lami kavu na manne yaliyofungwa pamoja huvunja vyuma.

Ukiona umepotea, gari linazunguka na hujui mbele ni wapi, kanyaga klachi na breki vyote viwili hadi chini na uvishikilie. Otomatiki, breki tu. Gari litaserereka kwa mstari ule ule lililokuwa likielekea, halitarukia upande usioutegemea. Nalifanyisha zoezi hili peke yake mara tatu kabla sijamruhusu mtu kuendelea.

Macho

Masika yangu ya pili nilikuwa na Mark II niliyoipenda kuliko chakula. Nikautoa mkia kulia vizuri, nikaudaka, nikajisifu kidogo moyoni, nikachelewa kurudisha usukani. Mkia ukapita katikati, ukaenda kushoto kwa nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Ukingoni mwa kiwanja kulikuwa na mtaro wa mpaka, si mkubwa, paja langu linaujaza. Nikauona. Nikauangalia. Nikaendelea kuuangalia mpaka tairi la nyuma la kushoto likadumbukia humo, likang'oka kwenye rimu kwa mlio kama wa chungu kinachopasuka.

Mjomba hakuinuka kwenye ndoo yake. Alisubiri nishuke, nizunguke gari, nitukane kimoyomoyo.

"Njomba," akaniita, kwa ile lafudhi yetu anayoitoa akitaka kunichoma, "ulikuwa unaangalia nini?"

"Mtaro, mjomba."

"Basi. Si limekupeleka?"

Tulimaliza kulitoa saa moja usiku. Tangu siku hiyo namtaka mwanafunzi ataje kwa sauti anachokiangalia: "Dumu. Dumu. Mwembe. Dumu." Wapita njia wanatuona wehu. Lakini mkono hufuata jicho bila kuulizwa, na mtu anayetaja dumu hawezi kuukodolea mtaro. Kitu unachotaka kukikwepa kione mara moja tu, kisha macho yaende pale unapotaka pua ifike, hata kama inakubidi uangalie kupitia dirisha la pembeni. Kwenye mserereko mzuri utaangalia kupitia dirisha la pembeni muda mwingi.

Zoezi la nne: namba nane

Usilifikie siku ya kwanza. Madumu mawili, hatua 40 kati yake, unayazunguka kwa umbo la nane. Kila ukivuka katikati mkia unabadili upande, na ule mrusho ulioikumba Mark II yangu utaukuta hapo kila mara. Dawa yake ni kuanza kurudisha usukani kabla mkia haujamaliza safari yake, wakati bado unaona ni mapema mno. Madereva wa rali hutumia mrusho huo huo kwa makusudi: wanaelekeza gari kinyume cha kona kwanza, kisha mkia unaporudi unawaingiza konani. Wao wana roli keji, ile fremu ya vyuma inayowalinda gari likipinduka, kofia ngumu na mtu wa kuwasomea njia. Wewe una dumu.

Dakika 20, kisha pumzisha gari dakika 10 injini ikinguruma taratibu. Angalia mshale wa joto kwenye dashibodi. Tope likijaa mbele ya rejeta, injini inachemka bila wewe kwenda popote.

Ukikwama

Utakwama. Ukisikia matairi yanazunguka na gari haliendi, achia mafuta hapo hapo, kila mzunguko unachimba kaburi. Chimba kwa sepetu mbele ya matairi yanayosukuma, mpaka upate mteremko mdogo. Tandika magunia makukuu ya korosho, yale ya katani. Hakuna kitu kinachoshika tope kama hayo, ndiyo maana gari langu halikosi manne. Ondoka kwa gia ya pili, mafuta machache. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi, na kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chesi. Ikifungwa kwenye bampa, utarudi nyumbani na gari na bampa kila kimoja kivyake.

Ukirudi njiani

Mjomba alivuka Rufiji kwa pantoni kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na baada ya daraja bado kilikuwepo kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, ambacho kila masika kiligeuka uji kwa miaka mingi hadi lami ilipofika. Anasema kilichomvusha ni zile Jumapili za nyuma ya karakana. Ule wepesi wa usukani aliujua, hakushtuka nao.

Leo wepesi huo utaukuta kwenye vipande vyovyote vya udongo vilivyobaki kwenye njia ya Nanyamba, Tandahimba na Newala, na utaukuta kwenye lami pia: mvua ya kwanza ya msimu, ambapo vumbi na oili ya miezi sita vinaelea juu, na pale mafuriko yalipoacha mchanga kwenye kona. Usukani ukilegea mkononi, fanya ulichofanya kwenye duara: mafuta kidogo, robo nyuma, subiri, macho mbele. Usijaribu kuendeleza mchezo.

Kabla hujaondoka kiwanjani sawazisha alama ulizoacha kama ulivyoahidi. Kisha osha gari siku hiyo hiyo, hasa chini. Piga maji ndani ya mapango ya matairi, kwenye breki, na kwenye rejeta kwa nguvu ndogo ili usikunje mapezi yake. Chungulia mipira ya draivshafti, ile inayofunika viungo vya vyuma vinavyozungusha magurudumu. Uliochanika ukiingia tope, utasikia tak-tak-tak kwenye kona kabla mwezi haujaisha. Na kama kesho yake, ukifika 60 kwenye lami, usukani unatetemeka, usikimbilie kulipia alaimenti. Ni tope lililokauka upande mmoja ndani ya rimu. Simama pembeni, chukua kijiti, likwangue.